Pilipili Ugenini: Mwongozo Kamili wa Kupata Chakula cha Pilipili, cha Bei Nafuu na Ulichokizoea Ukiwa Nje ya Nchi

Wasafiri wengi kutoka Mbeya, Iringa na Njombe wanaporudi hunisimulia jambo lile lile. Walitafuta mgahawa wa Kitanzania, hawakuupata, wakaishia kula mkate na chipsi kwa wiki mbili, au wakala hotelini walikofikia mpaka fedha za matumizi zikakatika kabla ya wiki kwisha. Wengine waliupata mgahawa wa Kiafrika baada ya kupanda treni kwa saa nzima, na nauli ikazidi bei ya sahani.

Kosa lao ni moja: wanatafuta jina la chakula, wakati kinachotakiwa kutafutwa ni vile vitu vinavyokifanya chakula kiwe cha nyumbani. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano wa safari yenyewe, isipokuwa ya mwisho, inayohusu siku ya kufika na siku ya kuugua, na tatu za mwanzo hufanyika ukiwa bado uko nyumbani.

## Mahitaji

- Pilipili kichaa kavu iliyosagwa, gramu 50 kwa kila wiki mbili za safari
- Chumvi
- Kikopo chenye mfuniko wa kuzungusha, pamoja na vifuko viwili vya plastiki vya kufunga kwa kubana
- Kijiko, na kisu kidogo kitakachokaa kwenye begi la kupakiwa, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi
- Karatasi ngumu ya kuandikia maneno ya lugha ya huko
- Simu yenye ramani na programu ya kutafsiri, vyote vikiwa vimepakuliwa ili vifanye kazi bila intaneti
- Noti ndogo ndogo za nchi unayokwenda

## Hatua ya 1: Igawe sahani yako mafungu matatu

Andika ulichokula kwa siku tatu mfululizo. Kwa mtu wa huku kwetu orodha itakuwa na wali wa Kyela au wa Usangu, ugali, ndizi, maharage, dagaa, mboga za majani, nyama ya mchuzi, na pilipili. Sasa igawe orodha hiyo mafungu matatu: wanga, mboga yenye mchuzi, na ukali.

Sababu ya kufanya hivyo ni hii. Chakula chetu cha Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida hakipikwi na pilipili ndani ya sufuria. Ukali hukaa pembeni, kwenye kibakuli cha pilipili ya kuponda au ndani ya kachumbari, na kila mlaji hujitilia kadiri anavyotaka. Maana yake ni kwamba chakula cha watu wengine kisicho na pilipili kabisa kinaweza kuwa karibu sana na cha kwenu kuliko chakula kinachosifiwa kwa ukali. Wali mweupe na maharage ya Kituruki, ukivipatia pilipili kichaa pembeni, vitakukumbusha meza ya mama lishe wa Mwanjelwa. Lakini supu kali ya mkoa fulani wa China yenye viungo ishirini usivyovijua itakuchoma tu, na bado utalala ukiona hujala.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kueleza unachotaka bila kutaja jina la chakula chochote: wanga usio na mafuta mengi, mboga yenye mchuzi, na pilipili pembeni.

## Hatua ya 2: Tayarisha pilipili ya safari

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Nunua pilipili kichaa, zile ndogo nyembamba, na uache pilipili mbuzi. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri zaidi na mara nyingi huizidi kichaa kwa ukali, lakini nyama yake ni nene na ina maji mengi, hivyo kwa baridi ya Mbeya au Makete huota ukungu kabla haijakauka. Chambua moja moja. Yenye doa jeusi au unga mweupe wa ukungu itupe yote badala ya kukata sehemu iliyoharibika, kwa kuwa sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kukaangwa.

Zianike juani kwenye ungo, na uziingize ndani kabla jua halijazama, maana umande wa jioni hurudisha unyevu wote uliotoka mchana. Usihesabu siku, zisikilize pilipili zenyewe. Chukua moja, itikise karibu na sikio. Ikiwa imekauka vya kutosha utasikia mbegu zikigonga ndani kama mchanga kwenye kibiriti kitupu, na ukiikunja itavunjika kwa mlio badala ya kupinda.

Fungua madirisha na milango, weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, zikaange kwa dakika mbili hadi tatu huku ukigeuza bila kuacha. Harufu itabadilika kutoka ya majani makavu kuwa ya karanga zinazoanza kuiva. Epua hapo hapo, kwa sababu zikipata weusi zitakuwa chungu na uchungu huo hautoki. Ziache zipoe kabisa, funga kitambaa puani na mdomoni, kisha uzitwange pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ukizitwanga zikiwa bado za moto, mvuke wake utaganda kwenye kopo na unga utashikana mabonge.

Gramu 50 zinatosha kwa hesabu rahisi: mfinyo mmoja hauzidi gramu moja, milo mitatu kwa siku 14 haizidi gramu 42, na zinazobaki ni za kumwonjesha jirani wa meza, ambaye mara nyingi ndiye atakayekuelekeza mahali pa kula kesho yake.

Onyo la kwanza. Usibebe pilipili ya mafuta wala achari iliyotengenezwa nyumbani. Niliwahi kuweka chupa ya achari katikati ya nguo. Mfuniko ukalegea njiani, nikafika na mashati manne yenye madoa mekundu ya mafuta yasiyofulika. Kwenye mkoba wa mkononi ndiyo kabisa haifai, kwa sababu viwanja vingi vya ndege haviruhusu chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100, na achari huhesabiwa kuwa kimiminika. Zaidi ya hapo, kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta na kukaa siku nyingi nje ya friji kinaweza kuzalisha sumu ya botulini, ambayo huua na ambayo haibadilishi harufu wala ladha ya chakula.

Onyo la pili. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingia na nyama, maziwa au bidhaa zake kutoka nchi kama yetu, na mboga na matunda mabichi, ukiacha machache kama ndizi na nanasi, hutakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea. Marekani na Australia hutaka utamke kila chakula ulichobeba. Unga mkavu wa viungo huwa na taabu ndogo kuliko vitu hivyo vyote, lakini uandike jina lake kwenye kopo, uutamke kwenye fomu, na ukiambiwa uuache, uache bila kubishana.

## Hatua ya 3: Andika karatasi ya maneno

Maneno manne yanatosha: pilipili, kali, wali, maharage. Yaandike kwa herufi za nchi unayokwenda, kwa sababu matamshi yetu huwapotosha wenyeji.

Kwa Kituruki, kali ni "acı". Wajerumani husema "scharf", na Wahispania "picante". Kwa Kihindi chakula kikali ni "teekha" na pilipili ni "mirch". Kwa Kichina, herufi ya ukali wa pilipili ni 辣, hutamkwa "la". Malawi pilipili ni "tsabola", na mboga ya kulia nsima ni "ndiwo".

Jihadhari na neno moja linalotuponza mara kwa mara: ukiomba "pepa" katika nchi nyingi zinazotumia Kiingereza, utaletewa pilipili manga, au hata hoho. Onyesha picha ya pilipili nyekundu kwenye simu.

## Hatua ya 4: Tafuta wanapokula wafanyakazi mchana

Siku ya kwanza toka nje saa sita mchana, ondoka kwenye mtaa wa hoteli yako na wa kituo kikuu cha mabasi au treni, kisha ufuate watu waliovaa sare za kazi: madereva, wauguzi, mafundi ujenzi, wauza maduka. Wakati huo wanakwenda kula, nao wana haraka na mshahara wa kupimia. Penye foleni inayosonga upesi chakula kimepikwa asubuhi hiyo na kinaisha siku hiyo hiyo. Jioni mahali hapo hapo pengi hufungwa, ndiyo maana anayetafuta saa mbili usiku hukuta migahawa ya gharama peke yake.

Kanuni moja ya fedha: katika nchi nyingi za Asia na Afrika, sahani ya mtaani hukaribiana na gharama ya kupika mwenyewe, kwa hiyo nunua. Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini unalipia zaidi mikono ya mpishi kuliko chakula, kwa hiyo pika, na uende moja kwa moja hatua ya 6.

Ukivuka Tunduma au Kasumulu. Hapa hakuna kazi kubwa. Nshima ya Zambia, nsima ya Malawi na sadza ya Zimbabwe ni ugali, na kapenta ni dagaa. Zambia uliza ifisashi, yaani mboga za majani zilizopikwa kwa karanga za kusaga, chakula ambacho mtu wa Songwe hatakiona kigeni hata kidogo. Malawi kuna Nali, pilipili ya chupa iliyo kali kwelikweli. Anza na matone mawili.

India. Watu wetu wengi huenda huko kwa matibabu, na huumia bure. Kaskazini, pamoja na Delhi, uliza "rajma chawal". Ni maharage mekundu mazito juu ya wali, na mara nyingi huletwa na kitunguu kibichi na pilipili mbichi pembeni. Hiyo ni wali maharage, na hakuna namna nyingine ya kuieleza. Kusini, kwa mfano Chennai, tafuta mgahawa wenye bango lililoandikwa "Meals Ready" wakati wa mchana. Hapo utapewa wali, sambar ambayo ni mchuzi wa dengu na mboga, na rasam ambayo ni mchuzi mwepesi wenye ukwaju na pilipili manga, na kwa kawaida wali huongezwa mpaka ushibe kwa bei ile ile. Chakula cha Andhra na Telangana, pamoja na Hyderabad, kinaweza kuwa kikali kuliko ulivyozoea, kwa hiyo onja kabla ya kujitilia ya kwako. Gujarat hali ni kinyume, mchuzi mara nyingi hutiwa sukari, na hapo kikopo chako kitafanya kazi. Kama umemsindikiza mgonjwa, muulize kwanza daktari wake kuhusu pilipili na chumvi, hata akilia njaa.

China. Wafanyabiashara wetu hufikia Guangzhou, na huko wenyeji hupenda chakula kisicho na pilipili. Usikate tamaa; tazama mabango. Herufi 湘 inaonyesha chakula cha Hunan, na 川 ni cha Sichuan. Mimi humshauri mtu wa kwetu achague Hunan. Ukali wa Hunan hutoka kwenye pilipili zenyewe, mbichi na za kusindika, na ulimi wa Mbeya huutambua mara moja. Sichuan mara nyingi huongeza kiungo kinachoandikwa 花椒, ambacho ni maganda ya vitunda vidogo yanayofanya midomo ife ganzi, na ganzi hiyo huandikwa 麻. Nilipokila mara ya kwanza niliacha sahani nzima mezani nikidhani nimepata mzio. Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, tafuta maduka ya chakula yenye maandishi 清真, yaani halali. Mengi ya maduka hayo huuza tambi za mchuzi wa ng'ombe kwa bei ndogo, na kwenye meza kuna chungu cha pilipili ya mafuta unachojitilia bila malipo. Usiku ukiwa umechoka, mayai kwa nyanya na wali mweupe hupatikana kila mahali: 番茄炒蛋. Mwombe mpishi asitie sukari.

Uturuki. Tafuta mgahawa wa kujionea chakula kwenye masufuria, uitwao "lokanta". Agiza "kuru fasulye", maharage meupe ya mchuzi wa nyanya, pamoja na "pilav", wali. Mezani huwa pana pilipili ya kunyunyiza, "pul biber", lakini ni ya upole, ongeza yako. Kebabu ya Adana ni kali, ya Urfa si kali.

Dubai. Nenda Deira, kwenye migahawa ya Wapakistani, Wahindi na Wahabeshi wanakokula vibarua.

Umefanikiwa ukipata sehemu mbili, siyo moja, zilizo karibu na unapolala. Moja itafungwa siku ya mapumziko ya huko, na siku hiyo huwa hujui.

## Hatua ya 5: Agiza kidogo, onja, ndipo utie pilipili

Onyesha kwa kidole chakula kilicho mezani kwa mtu mwingine, baada ya kumwomba radhi kwa tabasamu na ishara ya mkono. Uliza bei kabla hakijapakuliwa. Onja mchuzi peke yake, kisha wanga peke yake, kisha pamoja, na mwisho nyunyiza mfinyo mmoja. Anayenyunyiza kabla ya kuonja humkosea mpishi, na baadhi ya wapishi wataonyesha wazi kuwa wameudhika.

Ukiungua, usinywe maji. Kapsaisini, ambayo ndiyo inayochoma katika pilipili, haiyeyuki kwenye maji, hivyo maji huisambaza mdomo mzima. Kunywa maziwa au mtindi. India ni "lassi", Uturuki ni "ayran".

## Hatua ya 6: Pika mwenyewe, na usome vizuri mfuko wa unga

Nyumba ya kufikia yenye jiko, hata la pamoja, inafaa zaidi kuliko yenye kifungua kinywa cha bure. Nimeona wanafunzi wetu Ulaya wakila vizuri mwezi mzima kwa sufuria moja.

Kosa la kwanza ni unga. Uingereza, mfuko ulioandikwa "cornflour" ni wanga mtupu wa kufanya mchuzi uwe mzito, na India pia jina hilo lina maana hiyo. Ukiusonga utapata gundi. Polenta ya Italia ni mahindi ya njano yaliyosagwa chenga. Inasongeka, ila inataka muda mrefu motoni. Unga wa Meksiko uitwao "masa harina" umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, una harufu yake ya pekee, na ugali wake hautakuridhisha. Unga mweupe wa mahindi wa chapa ya P.A.N. wa Amerika Kusini umekwisha kupikwa kiwandani, hivyo husongeka kwa dakika chache. Tia unga kidogo kidogo kuliko ulivyozoea kwa sababu hunywa maji upesi. Semolina ni ngano. Kilicho sawa na sembe ni unga mweupe wa mahindi wa Afrika Kusini au Zimbabwe, unaouzwa kwenye maduka ya Waafrika. Ujerumani maduka hayo huitwa "Afroshop".

Kosa la pili ni maharage. Maharage mekundu makavu yana sumu ya asili inayokwisha kwa kuchemka. Nyumbani hatukuiona kwa kuwa tunayachemsha saa nyingi juu ya mkaa, lakini kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo yanaweza kulainika yakiwa bado na sumu, na mlaji akatapika ndani ya saa chache. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa kutokota kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Ya kopo yamekwisha kuiva: yaoshe, kaanga kitunguu na nyanya, tia maharage na tui la kopo, na baada ya dakika 15 uko mezani.

Pilipili mbichi zipo. Kwenye maduka ya Wakaribi kuna "Scotch bonnet", ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi, yenye harufu ile ile inayojaza chumba ukiikata. Kwenye maduka ya Waasia kuna ndogo nyekundu zinazokaribiana na kichaa. Nunua nyingi kwa mara moja, zigandishe zikiwa nzima, na ukwangue moja juu ya chakula kila unapoitaka.

Kachumbari ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Kata kitunguu kimoja vipande vyembamba, kifikiche kwa chumvi, kioshe, ongeza nyanya mbili, limau, na mfinyo wa pilipili yako. Iache dakika tano mpaka chumvi itoe maji ya nyanya na unga wa pilipili ulainike ndani ya maji hayo. Ukiichanganya na wali mweupe wa dukani na yai la kukaanga, utakuwa umekula kwa gharama ndogo kuliko soda na kipande cha keki katika mji huo huo.

Onyo. Mahali ambapo maji ya bomba si salama, usile kachumbari usiyoiandaa mwenyewe, na ya kwako ioshe kwa maji ya kunywa. Limau na pilipili haviui vijidudu vya kuharisha.

## Hatua ya 7: Siku ya kufika na siku ya kuugua

Ndege nyingi hufika usiku, na usiku ule hakuna lokanta, hakuna "Meals Ready". Kwa hiyo ondoka nyumbani na karanga za kukaanga na mkate, ununue mayai ya kuchemsha au wali wa kopo kwenye duka la usiku, nyunyiza pilipili, ulale. Utafutaji uanze saa sita mchana kesho yake.

Ukiharisha, acha pilipili kwa siku mbili, kunywa maji yaliyotiwa dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ule wali mlaini na ndizi. Mwenye vidonda vya tumbo aanze na nusu ya mfinyo, asile pilipili akiwa na njaa kavu, na abebe dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, maana begi la kupakiwa linaweza kuchelewa kufika siku mbili nzima.